Tupime Kanisa na Kampuni kwa Mizani Ipi?

Majuzi, katika kipindi cha insha, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Tulikuwa tukijadili asasi zinazoyagusa maisha ya watu wengi nchini, na ubao ulikuwa umejaa majina: serikali, shule, hospitali, vyama vya ushirika, vyombo vya habari. "Mwalimu," akasema, "kati ya kanisa na Safaricom, nani mkubwa?" Darasa liliangua kicheko, kisha likagawika pande mbili kama bunge. Waliosema kanisa walitaja Jumapili. Waliosema Safaricom walitaja siku zote saba. Kengele ikaniokoa. Niliwaambia kwamba tutalirudia swali hilo wiki ijayo, na tangu siku hiyo limekuwa likinisumbua.

Wengi wa wanafunzi wangu hutoka Kibera na Kawangware, mitaa miwili ambayo imetenganishwa na Barabara ya Ngong na majumba ya wenye nafasi. Kwao swali hili si la nadharia. Atokaye Makina kuelekea Laini Saba, au ashukaye matatu Kawangware na kuelekea Gatina, hawezi kupiga hatua nyingi bila kuona kibanda cha rangi ya kijani kibichi chenye maandishi ya M-Pesa, wala hawezi kwenda mbali bila kusikia kipaza sauti cha kanisa la mabati. Mara nyingine viwili hivyo hutenganishwa na ukuta mmoja tu. Mtoto aliyelelewa hapo ana haki ya kuuliza ni kipi kinachoyatawala maisha yake.

Tuanze na mizani iliyo nyepesi, yaani idadi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakenya milioni 47.6. Miongoni mwao, takriban milioni 9.7 walijitambulisha kuwa Wakatoliki, milioni 15.8 Waprotestanti, milioni 9.6 waumini wa makanisa ya kiinjilisti, na zaidi ya milioni 3 wafuasi wa makanisa yaliyoasisiwa na Waafrika wenyewe. Kwa jumla, Wakenya zaidi ya wanane katika kila kumi ni Wakristo. Safaricom nayo ina wateja zaidi ya milioni 40 humu nchini, na mawakala wa M-Pesa zaidi ya 200,000. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2020 kampuni hiyo ilitangaza faida ya zaidi ya shilingi bilioni 73 baada ya kulipa ushuru. Tukivuka mipaka, Kanisa Katoliki lina watu waliobatizwa zaidi ya bilioni 1.4 ulimwenguni, ilhali Walmart ya Marekani, ambayo ni miongoni mwa waajiri wakubwa kabisa duniani, ina wafanyakazi wapatao milioni 2.1.

Mwanafunzi mwepesi angeziandika tarakimu hizo, apige mstari, na kutangaza mshindi. Lakini wakazi wa Kibera wana sababu ya kuzishuku tarakimu kuliko watu wengine. Kwa miaka mingi mtaa wao uliandikwa katika magazeti ya dunia kuwa na watu milioni moja, na wengine wakaipandisha hesabu hiyo zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilipofika hapo, ilipata watu wapatao 170,000. Wapo walioibishia sensa, lakini ile milioni haijathibitishwa hadi leo. Mfadhili aliihitaji, mwanasiasa aliihitaji, na mwandishi wa habari vilevile aliihitaji. Matatizo ya maji, vyoo na ardhi hayakupungua hata chembe kwa kuwa tarakimu imepungua. Vivyo hivyo, aliyebatizwa utotoni huhesabiwa hata kama hajatia mguu kanisani tangu hapo, na mwenye kadi mbili za simu huenda akahesabiwa mara mbili. Isitoshe, aliye katika hesabu ya kanisa ndiye huyohuyo aliye katika hesabu ya kampuni. Tunawahesabu watu walewale kwa majina mawili.

Kama idadi haitoshi, labda tuipime miaka. Hapa historia yetu ina kisa ambacho nadhani hakijasomeshwa inavyostahili. Kampuni ya kwanza iliyojitia kuitawala nchi hii haikuuza simu. Ni Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa kifupi kama IBEA, ambayo chini ya William Mackinnon ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888. Ilikuwa na bendera, askari na mamlaka ya kutoza kodi. Mwaka 1891 ilikuwa imeishiwa kiasi cha kutangaza kwamba itaondoka Uganda, na marafiki wa misheni ya CMS huko Uingereza wakachanga maelfu ya pauni ili kampuni ibaki mwaka mmoja zaidi. Msomaji na alitafakari jambo hilo: kampuni iliyokuja kutafuta faida ikaokolewa kwa sadaka. Hata hivyo haikudumu. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliitwaa himaya yake, na kampuni ikatoweka.

Lakini katika mwaka huohuo wa 1891, Mackinnon na wenzake walikuwa wametoa fedha zao kuanzisha misheni ya Waskoti huko Kibwezi. Maradhi yaliwaua wengi, na mwaka 1898 misheni ikahamishiwa Ukikuyu, mahali ambapo leo panaitwa Thogoto, mwendo mfupi wa matatu kutoka Kawangware. Hapo ndipo lilipomea kanisa ambalo leo ni PCEA, na katika ardhi ya misheni hiyo ndipo Shule ya Upili ya Alliance ilipofunguliwa mwaka 1926. Kampuni ilikufa bila kumaliza miaka kumi. Misheni iliyozaliwa mifukoni mwa wakurugenzi wake imepita miaka mia moja na thelathini. Simaanishi kwamba misheni ilikuwa malaika. Kanisa na ukoloni walisafiri katika jahazi moja, na mara nyingi mmoja alimshikia mwenzake usukani. Nasema tu kwamba ukubwa wa siku moja si ukubwa wa karne, na kwamba anayeiona kampuni ya leo kuwa haiwezi kuanguka hajasoma historia ya nchi yake.

Walimu wa Kiswahili wana mizani nyingine ya kuipendekezea meza hii: lugha. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliacha kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Biblia ya Kiswahili iliyounganisha matumizi ya maeneo mbalimbali ilitoka mwaka 1952. Kanisa lilijua kwamba halitafika mbali bila Kiswahili. Kampuni nayo ilijua vivyo hivyo. Huduma ya kutuma fedha iliyozinduliwa Machi 2007 ilibeba neno "pesa" katika jina lake. Ile ya kutumia fedha zaidi ya ulizo nazo, iliyoanza mwaka 2019, iliitwa Fuliza, neno lenye maana ya kutenda jambo mfululizo bila kukoma. Na anayekopeshwa salio la kupiga simu huambiwa Okoa Jahazi. Tazama basi: neno la kuokoa, ambalo lilikuwa mali ya mimbari, sasa limo katika orodha ya huduma za simu. Nadhani mwanafunzi wangu alihisi jambo hilo ingawa hakuweza kulitamka. Alipouliza nani mkubwa, alikuwa akiuliza nani atakayetuokoa.

Hilo sikulijibu kwa vitabu. Nililijibu kwa msiba.

Mwaka uliopita mama wa mwanafunzi wangu mmoja alifariki Kawangware. Alikuwa akifua nguo katika majumba ya Lavington, na kwa miaka kadhaa alituma fungu lake la kumi kwa njia ya simu kwa kanisa moja kubwa ambalo sitalitaja, lenye ukumbi mpana, vyombo vya muziki na viti vya plastiki visivyohesabika. Familia ilipokwenda kuripoti kifo, ofisi iliikuta nambari yake ya simu katika orodha ya michango, lakini hapakuwa na mtu aliyeukumbuka uso wake. Walituma rambirambi kwa ujumbe mfupi. Waliofika katika ploti ile jioni ya kwanza walikuwa wengine kabisa. Walikuja wanawake wa jumuiya ndogo ndogo ya Wakatoliki, ingawa marehemu hakuwa Mkatoliki. Na wakaja wanawake wa kanisa la mabati la ng'ambo ya mtaro, wenye kanzu nyeupe na vilemba. Walileta mitungi ya maji, makaa na unga. Walikaa matanga usiku baada ya usiku, wakipokezana kuwalaza watoto.

Na palikuwa na mtu mwingine ambaye sikutarajia kumkuta katika hadithi hii. Kijana anayeendesha kibanda cha M-Pesa kwenye kona alikiacha wazi hadi saa tatu za usiku ili majirani watume michango ya kuusafirisha mwili hadi Vihiga. Kila jioni aliiandika orodha kwa mkono katika daftari, akaja uani, akaisoma kwa sauti: fulani shilingi mia mbili, fulani hamsini, fulani mia moja. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Wakati huohuo simu ya marehemu, ikiwa mkononi mwa binti yake, iliendelea kupokea jumbe za kampuni moja ya mikopo zikimtaka alipe deni kabla ya jina lake kuharibiwa.

Nilipoketi pale uani ndipo nilipong'amua kwamba mstari niliokuwa nikiutafuta haupiti kati ya kanisa na kampuni. Unapita ndani ya kila moja. Lipo kanisa lililokua hadi likawa kampuni: linaijua nambari ya mtu, halimjui mtu. Na yupo wakala wa kampuni ambaye, kwa daftari la shilingi ishirini, alitenda kazi ya shemasi. Kuenea kwa asasi si wingi wa mahali ilipoandikwa jina lake. Ni ule umbali uliobaki kati ya aliye katika dhiki na mtu wa kwanza anayebisha mlangoni pake.

Kwa mizani hiyo, mpango mkubwa kuliko yote uliowahi kubuniwa na kanisa katika eneo letu haukuwa jengo. Katika miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia shirika lao la AMECEA, waliamua kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za majirani, na mkutano wao wa Nairobi wa mwaka 1976 ukaliweka jambo hilo mbele. Waumini wa ploti chache wakutane katika chumba cha mmoja wao, wajuane kwa majina, wajue ni nani aliyelala njaa na ni nani amelazwa hospitalini. Makanisa yaliyoasisiwa na Waafrika, kama vile African Israel Nineveh lililoanzishwa mwaka 1942 na Legio Maria la mwaka 1963, yalikuwa yakitenda hivyo tangu awali bila azimio la mkutano wowote, kwa kuwa waumini wao walihamia jijini kutoka vijiji vilevile. Hakuna kampuni inayoweza kufungua tawi katika kila ploti kwa gharama ya kikombe cha chai.

Nisieleweke kwamba naibeza kampuni. Wazee wanakumbuka jinsi mshahara wa Nairobi ulivyofika nyumbani kabla ya mwaka 2007: ndani ya bahasha iliyokabidhiwa kondakta wa basi, au mfukoni mwa binamu ambaye labda angefika nazo na labda asifike. Leo muuza mboga wa soko la Toi humtumia mamaye fedha kabla ya kufunga meza yake, wala haulizwi kabila wala dhehebu lake. Jambo hilo la pili si dogo. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa mwaka 2007, yaliyoziunguza Kibera na Kawangware, Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani mwaka 2008 kwamba viongozi wa makanisa waliegemea pande za kisiasa na kikabila, likaomba radhi. Kukiri ni ungwana. Lakini jirani aliyefukuzwa chumbani mwake alikuwa ameshafukuzwa.

Aidha kampuni inatushinda katika uwazi. Safaricom ilipowauzia wananchi hisa mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja, Wakenya mamia ya maelfu walijitokeza kununua, wakiwemo walimu waliochukua mikopo kwa ajili hiyo. Tangu hapo kampuni hutangaza matokeo yake hadharani, na wakaguzi hutia sahihi. Mwenye hisa mia moja tu anaweza kuhudhuria mkutano wa mwaka na kuuliza fedha zimekwenda wapi. Ni waumini wangapi wa Kibera wanaoweza kusimama Jumapili na kuuliza swali hilo bila kuambiwa kwamba wameingiwa na pepo? Yako makanisa yanayobandika hesabu zao mlangoni, na nayapongeza. Yako mengi zaidi ambamo kapu hupita na huo ukawa mwisho wa habari.

Wala madhara ya usiri huo hayaishii kwenye fedha. Tukitoka Nairobi twende Kilifi, tutakumbuka msitu wa Shakahola, ambako mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilipita 400, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Mungu. Kanisa lile halikuwa kubwa kwa idadi. Lilikuwa limefika ndani mno, hadi tumboni mwa mtoto, na hapakuwa na mkaguzi. Kwa hiyo kufika karibu peke yake si wema. Anayefika karibu na hakubali kuulizwa ni hatari kuliko aliye mbali.

Pamoja na hayo, kuna jambo moja ambalo sijawahi kuona kampuni ikilifanya. Novemba 2024 Rais William Ruto alihudhuria ibada katika Kanisa Katoliki la Soweto, si Soweto ya Kibera bali ile ya Kayole, akatoa mamilioni ya shilingi pamoja na ahadi ya mengine. Jimbo Kuu la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, lilitangaza kwamba fedha hizo zirejeshwe. Wapo waliosema kwamba kwaya ya vijana ilinyang'anywa riziki. Mimi nasema siku hiyo waumini wa mtaa maskini walionyeshwa kwamba asasi yao ina kipimo kisicho fedha. Kampuni haina njia ya kutenda hivyo, na wala si kosa lake: iliundwa ili ipokee. Kanisa linaposahau kwamba lina uwezo wa kukataa, basi limekuwa kampuni isiyolipa ushuru.

Machi 2020 tuliziona asasi zote mbili mtihanini katika mwezi mmoja. Ugonjwa wa korona ulifunga milango ya makanisa, na Safaricom ikaondoa malipo kwa anayetuma shilingi 1,000 au chini ya hapo. Lilikuwa tendo jema, nalo liliwasaidia wengi katika mitaa hii ambako mia mbili ni fedha. Miezi ikapita, malipo yakarudi. Kampuni ilipunguza bei, kisha ikairudisha, kama ilivyo desturi ya biashara. Makanisa nayo yaligawanyika. Mengine yalitangaza nambari za kutumia sadaka kabla hayajauliza ni nani aliyeachishwa kazi. Mengine, yaliyofungiwa milango, yaligundua upya kwamba kanisa ni majirani, yakapita mlango kwa mlango na unga.

Basi nina maombi mawili na kazi moja ya ziada. Kwa makanisa ya Kibera na Kawangware, makubwa kwa madogo: igeni kutoka kwa kampuni kile kilicho chema, yaani hesabu zisomwe mbele ya waliochanga, na acheni kuiga kile kisichowafaa, yaani kumjua mtu kwa nambari yake. Kwa kampuni, hasa zile zinazowakopesha wasio na kitu: aliye upande wa pili wa ujumbe ni mtu, na huenda amelala kwenye jeneza.

Kazi ya ziada ni ya wanafunzi wangu, na walimu wenzangu wanaruhusiwa kuiazima. Wiki ijayo sitawaambia nani mkubwa. Nitawaomba kila mmoja arudi kwenye ploti yao na kuwauliza wakazi watu wazima swali moja: mara ya mwisho ulipopatwa na msiba, ugonjwa au moto, ni nani aliyefika kwanza, na alifika kwa niaba ya nani? Waandike majibu jinsi yalivyo, bila kumpendelea mchungaji wala wakala. Tutayakusanya ubaoni na kuyahesabu pamoja. Huenda kanisa likaongoza. Huenda kampuni ikapata nafasi yake kupitia kijana mwenye daftari. Nashuku kwamba jina litakaloonekana mara nyingi zaidi halitakuwa la yeyote kati ya hao wawili, bali la jirani wa chumba cha pili. Ikiwa ndivyo itakavyokuwa, tutakuwa na insha nyingine ya kuandika.